Cheti cha Maabara cha Dada Somoe

Nakumbuka asubuhi moja nilisimama mbele ya mlango wa maabara ya hospitali kubwa, mkono wa kulia mfukoni, nimeshika kichupa cha dawa ya macho. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho hadi karatasi iliyobandikwa kwenye kichupa ikaanza kubanduka. Wodini, ghorofa ya juu, dada yangu alikuwa amelala, jicho lake la kushoto limefunikwa pamba. Saa nne daktari angepita, na kama hali ingekuwa ile ile, mimi ndiye ningetia sahihi ili jicho litolewe. Wakati ule ilikuwa saa mbili na nusu.

Mwanangu, nimewahi kuvuka bonde la Jangwani mvua za masika maji yakiwa kifuani, na sikuogopa kama nilivyoogopa pale mlangoni. Maji unayaona. Mimi nilikuwa naogopa maneno yangu mwenyewe, niliyoyaandika siku nne kabla kwa kalamu ya wino na kwa mwandiko mzuri. Kaa nikusimulie tangu mwanzo, maana ukijua mwisho tu utadhani nilikuwa mtu mbaya. Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa kijana aliyesoma, na nilikuwa na aibu.

Dada Somoe ndiye aliyenilea. Tulitoka Lindi baada ya mama kufariki, yeye msichana mkubwa, mimi bado navaa kaptula, tukapanga chumba kimoja Kariakoo katika nyumba yenye vyumba sita na ua mmoja. Kazi yake ilikuwa kupeta mchele. Magunia yalikuwa yakishushwa pembeni ya soko, na wanawake kama yeye walikaa chini kwa safu, nyungo zikipanda na kushuka, kumvi, yale maganda ya mpunga, zikipeperuka hadi kwenye kope zao. Kisha wanauchambua, wanatoa mawe na chenga. Dada alikuwa na sifa yake. Wenye mchele walimgombania, kwa sababu mchele uliopita mikononi mwake haukuvunja jino la mtu. Alikuwa akiona kijiwe chenye rangi ile ile ya mchele kabla ungo haujatua.

Kwa macho yale nilisoma hadi kidato cha nne. Kisha nikapata ukarani katika shirika moja la umma kule Posta, nikawa navaa suruali iliyopigwa pasi, na pale nyumbani wakaanza kuniita Msomi. Barua za wapangaji wote nilizisoma mimi. Cheti cha kliniki cha mtoto wa jirani, tangazo la balozi wa nyumba kumi, kila kitu kililetwa kwangu. Nililipenda jina lile, mwanangu. Nililipenda kupita kiasi.

Ilikuwa ile miaka ya foleni, soko jipya likiwa limeshafunguliwa. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, mafuta ya kupikia ukisikia yamefika duka la ushirika unaacha sufuria jikoni unakimbia. Mtu aliyekuwa na rafiki kwenye ghala au dukani alikuwa mtu wa maana. Tukazoea kufikiri kwamba kitu kilichopita mlango wa nyuma ni bora kuliko kilichopita mlango wa mbele. Kwa sukari pengine ilikuwa kweli. Tulikosea pale tulipodhani na dawa ni kama sukari.

Siku moja ya Jumatatu upepo ulikuwa mkali, na kumvi moja ya mpunga ikamwingia Dada jicho la kushoto. Mwenzake aliitoa kwa ncha ya kanga, wakacheka, wakaendelea na kazi. Jumanne jicho lilikuwa jekundu. Jumatano asubuhi hakuweza kulifungua mbele ya mwanga, na machozi yalikuwa yanamtoka yenyewe. Akina mama wa nyumba wakakusanyika uani kila mmoja na dawa yake. Mmoja alisema aoshwe kwa maji ya chai. Mwingine alikuwa ananyonyesha, akasema akamuliwe matone mawili ya maziwa. Mimi nikawacheka wote. Nikawaambia huo ni ujinga, mambo ya jicho ni ya kitaalamu, niachieni mimi. Nikatoka na suruali yangu ya pasi kwenda kumtafuta Hamisi.

Hamisi alikuwa rafiki yangu tangu shule, na alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha zahanati moja ya umma. Jioni ile ile alikuja na kichupa ndani ya soksi. Karatasi yake ilikuwa imechanika nusu, imebaki nusu ya jina na mstari mmoja wa Kiingereza.

"Msomi, hii huipati duka lolote mjini hapa," aliniambia. "Imemponya shangazi yangu siku mbili tu. Jicho lilikuwa kama pilipili, sasa anatunga uzi kwenye sindano."

Nilimuuliza ni dawa ya nini. Akasema ya macho, kwani ningetaka iwe ya nini tena. Tukacheka. Ndiyo maswali yote niliyouliza, mimi mwenye cheti cha kidato cha nne ukutani.

Nilimtia Dada matone mawili, na mawili tena kabla ya kulala. Alhamisi wekundu ulipungua. Ijumaa maumivu yakatulia, akala vizuri, akaniombea dua mbele ya wapangaji wote. Wale akina mama wakaniangalia kwa heshima mpya. Jumamosi akarudi kwenye ungo wake. Laiti ningejua kilichokuwa kinaendelea nyuma ya utulivu ule. Jicho lilikuwa limenyamazishwa tu, na ndani yake kitu kilikuwa kinakula bila kelele.

Jumapili alfajiri alinigongea mlango wa ukumbini nilikokuwa nalala. Alikuwa ameshikilia ukuta.

"Athumani, mdogo wangu, hebu niangalie. Naona kama kuna pazia."

Nilimsogeza kwenye mwanga wa uani. Katikati ya jicho, juu ya ule weusi wenyewe, palikuwa na doa jeupe, ukubwa wake kama chenga ya mchele. Nikadhani ni uchafu, nikataka kuufuta. Haukuwa juu ya jicho. Ulikuwa ndani ya kioo chake. Nikafanya nini? Nikamtia matone matatu badala ya mawili, nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumatatu doa lilikuwa kubwa zaidi na kingo zake zilikuwa zimechanuka kama unyoya. Dada alikuwa analia kwa sauti, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akilia hata siku tulipomzika mama. Tukatembea kupitia Mnazi Mmoja kwenda hospitali, amejifunika kanga kichwa kizima, ameshika kiwiko changu kama kipofu. Watu walitupisha. Kila aliyetupisha alinizidishia hofu.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa maneno. Alimshika Dada kidevu, akamulika tochi, akaangalia kwa lenzi, kisha akazima tochi. Halafu akauliza, bila kunyanyua uso, "Kuna dawa yoyote mmeshamwekea?"

Usiku wa kuamkia jana yake balozi wetu alikuwa ametangaza kwenye mkutano kwamba dawa za umma zinavuja, na atakayekamatwa nazo ataeleza mbele ya polisi alikozipata. Nilimwona Hamisi na pingu. Nilijiona mimi mwenyewe nikifukuzwa ukarani. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kupepesa jicho, na mdomo ukajibu kabla sijauambia.

"Hakuna, daktari."

Dada aligeuza lile jicho lake zima akanitazama. Baadaye aliniambia alidhani nina sababu ya kitaalamu ya kujibu vile.

Daktari akatueleza, na maneno yake ninayo hadi leo. Alisema hiki ni kidonda kwenye kioo cha jicho, na kidonda kama hiki kinaweza kuletwa na vijidudu vya aina nyingi. Kuna bakteria, na wenyewe wako wa namna namna. Kuna ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate. Kuna na vingine. Kwa macho, alisema, vinafanana, hata mimi niliyesomea naweza kukosea. Dawa inayoua kimoja haikigusi kingine, na nyingine inakinenepesha. Kwa hiyo tutakwangua kidogo pale kwenye kidonda, tupeleke maabara, waangalie kwa hadubini na waoteshe kwenye vyombo vyao, watuambie ni nani aliyemo. "Nikibahatisha," alisema, "nitakuwa nabahatisha na jicho la mtu."

Walimtia dawa ya ganzi. Nikaambiwa nimshike kichwa kisitikisike. Daktari alisogeza kisu kidogo, chembamba kama jani la ukindu, hadi kikagusa jicho lililo wazi, na mimi nilifumba yangu. Nilisikia tu Dada akihema. Vidole vyake vilikuwa vimeingia kwenye mkono wangu, alama zilikaa wiki nzima.

Ile sampuli iliyokwanguliwa, wakaipaka kwenye vipande vya vioo na nyingine kwenye chombo cha kuoteshea. Nesi alikuwa na wagonjwa wengi, akaona kalamu kwenye mfuko wa shati langu, akanipa cheti cha maabara nijaze mwenyewe kisha nipeleke pamoja na vioo. Jina, umri, mtaa. Kisha palikuwa na mstari wa kazi ya mgonjwa. Niliandika: Mama wa nyumbani.

Unaniuliza kwa nini? Kwa sababu kwenye kaunta niliyojazia cheti walisimama watu waliovaa vizuri, na nilikuwa na mwandiko mzuri, na kuandika kwamba dada yake Msomi anapeta mchele chini pembeni ya soko kulinitia aibu. Hivyo tu. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta miaka yote. Chini yake palikuwa na mstari wa jinsi alivyoumia. Nikaandika: Haijulikani. Na wa mwisho, dawa alizotumia. Nikaandika: Hakuna. Nikapiga mstari chini, kama tulivyofundishwa ofisini.

Maabara alikuwepo Bwana Kanti, mzee wa Kihindi mzaliwa wa mjini hapa, mfupi, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Alipokea vioo kwa mikono miwili kama mtu anayepokea yai. Alisoma cheti, akanisifia mwandiko. Nikaondoka.

Dada alilazwa. Wakaanza kumpa dawa ya bakteria wakati wakisubiri majibu, kwa kuwa ndio waliodhaniwa. Siku ya Jumanne nilipokwenda kumwona alinivuta shati akaninong'oneza, "Ile ya Hamisi ilikuwa inanituliza. Huna?" Nilikuwa nayo. Ilikuwa inakaa mfukoni kwa sababu niliogopa kuiacha nyumbani. Nesi alipogeuka nikamtia. Jumatano nikamtia tena. Mwanangu, nakusimulia haya na ulimi wangu unakuwa mzito. Walikuwa wanapigania jicho la dada yangu mchana kutwa, na mimi nilikuwa nakuja saa kumi kuharibu.

Alhamisi daktari aliniita pembeni. Alisema maabara haijaona kitu kwenye vioo, na bakteria hawajaota. Doa lilikuwa limefika karibu na ukingo, na kioo cha jicho kilikuwa kimekonda kama karatasi ya sigara. Kikitoboka, alisema, ugonjwa utaingia ndani kabisa, na hapo tutakuwa tunaokoa maisha, siyo jicho. Kama kesho asubuhi hakuna jipya, itabidi litolewe. Akaniuliza kama mimi ndiye ndugu wa kutia sahihi. Kisha akauliza tena, taratibu, "Una hakika hakuna kitu mlichomwekea?" Nikasema nina hakika. Mara ya pili, mwanangu. Ya kwanza iliniponyoka. Ya pili niliichagua.

Nikatoka pale nikamtafuta Hamisi, tukakutana Mnazi Mmoja, tukakaa kwenye nyasi kama watu wanaosubiri mkutano. Nilimweleza yote. Alikuwa anang'oa nyasi na kuzitupa.

"Ukisema, nimekwisha," aliniambia. "Mama yangu ananitegemea mimi tu. Unajua hilo."

Nilimuuliza tena swali nililopaswa kuliuliza siku ya kwanza. Dawa ile ilikuwa ya nini?

Aliacha kung'oa nyasi. Halafu akasema, "Mimi nafungasha tu, Athumani. Sijui. Kwa kweli sijui."

Tukaangaliana. Nadhani hapo ndipo sisi wawili tulipoogopa kwa pamoja. Watu walikuwa wanapita kwenda Posta na kurudi Kariakoo, wanapiga soga, wanasukuma baiskeli, na mimi nilikuwa najiuliza ni wangapi kati yao wana vichupa kama hiki nyumbani.

Sasa rudi nami pale mlangoni pa maabara, Ijumaa, saa mbili na nusu. Sikwenda kwa daktari kwa sababu nilikuwa nimemdanganya mara mbili usoni. Bwana Kanti nilikuwa nimemdanganya kwa karatasi tu, nikaona afadhali. Hata mwoga huwa anachagua mlango wa kuingilia.

Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba huku anapanga vyombo kwenye beseni la kuchemshia. Nikatoa kichupa nikakiweka mezani. Nikasema, "Hiki nilimwekea kabla hatujaja. Na wodini, Jumanne. Na Jumatano tena."

Alifuta mikono, akakisogeza karibu na miwani, akasoma ile nusu ya jina kwa muda mrefu. Kisha akakiweka chini polepole. Alisema jina la dawa nzima, na kwamba ni dawa ya kutuliza uvimbe. Jicho lililovimba kwa mzio linaipenda. Jicho lenye vijidudu inalifanya liache kujikinga, lionekane limepona huku adui amefunguliwa mlango. Akaniuliza dada yangu aliumia vipi. Nikasema kumvi ya mpunga.

"Kumvi?" Akachukua cheti kwenye waya wa kutungia karatasi, akakiangalia. "Hapa umeandika mama wa nyumbani."

"Anapeta mchele, bwana. Pale sokoni."

Mzee yule alikaa kwenye kiti. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Bwana mdogo, mimi naona kilichopo juu ya kioo tu. Kilichopo mfukoni mwako sikioni. Ungeandika mpunga, ningetafuta ukungu siku ile ile. Jicho lililochomwa na mmea, kitu cha kwanza tunachofikiria ni ukungu. Mama wa nyumbani, dawa hakuna, haijulikani alivyoumia... mimi nikatafuta bakteria. Na vifaa vyangu ni vichache, siwezi kutafuta kila kitu kwa kila mtu. Umenituma njia nyingine kabisa."

Akainuka akaenda kwenye lile beseni. Chombo cha Dada kilikuwa cha tatu kutoka juu, kinasubiri kuchemshwa na kuoshwa. Alikipeleka dirishani. Nilimwona akikiinamisha huku na huku, kisha akatulia. Pembeni kabisa, mahali kisu cha daktari kilipogusa, palikuwa na kitu kama manyoya ya kifaranga, cheupe, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Jana yake hakikuwepo, au kilikuwepo na hakuna aliyekuwa anakitafuta.

Hakunieleza mengi. Alitoka karibu anakimbia, na mzee yule hakuwa mtu wa kukimbia. Daktari akaja. Dada akakwanguliwa tena, na safari hii Bwana Kanti aliweka juu ya kioo tone la maji makali yanayoyeyusha uchafu na kubakiza ukungu. Aliangalia. Akaniita, akaniambia niweke jicho kwenye hadubini.

Niliona nyuzi. Nyuzi nyembamba zenye vifundo, zimepishana kama mizizi ya nyasi unapoing'oa mchangani. Nikakumbuka nyasi za Hamisi. Kitu kile kilikuwa kinaota ndani ya jicho lililoniona nikikua, na mimi ndiye niliyekuwa nakimwagilia.

Nikajisemesha, nikaanza kueleza habari za kichupa, kwamba kilitoka kwa mtu, kwamba naomba asiulizwe. Bwana Kanti akanikata kauli.

"Nani kakuuliza kimetoka wapi? Tulikuuliza kina nini."

Mwanangu, hilo neno lilinishusha chini kuliko matusi. Nilirudi nyuma kwenye kumbukumbu, siku moja baada ya nyingine. Ni kweli. Daktari aliuliza mara mbili kama kuna dawa. Nesi aliuliza kwa karatasi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kaitoa. Nilikuwa nimelinda siri ambayo hakuna mtu pale aliyekuwa anaitaka, na bei yake nilimlipisha mwingine.

Sahihi sikutia siku ile. Chumba cha dawa cha hospitali kilimchanganyia Dada matone ya kuua ukungu, yakawa yanawekwa kila saa, mchana na usiku, manesi wakipokezana. Zamu ya mchana nikaomba likizo nikafanya mimi. Kila nilipofungua lile jicho niliogopa kulikuta limetoboka. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili kingo za doa zikaacha kusogea. Baada ya wiki sita daktari alisema ugonjwa umekufa.

Jicho lilibaki mahali pake. Lakini pale katikati pamebaki kovu, jeupe kama ganda la yai, na nyuma ya kovu lile Dada aliweza kutofautisha mchana na usiku, basi. Daktari alisema kama ukungu ungetafutwa siku ya kwanza, na lile tone langu lisingewekwa, pengine angebaki anaona. Alisema pengine. Hilo pengine nimeishi nalo.

Nilimweleza Dada mwenyewe, kwenye benchi la nje ya wodi, siku aliyoruhusiwa. Nilimweleza kichupa, nikamweleza majibu yangu mawili kwa daktari. Alisikiliza huku anakunja kanga zake. Alisema hayo ya dawa alikuwepo, aliyaona, na yeye ndiye aliyeiomba wodini, kwa hiyo hilo tutagawana. Nikaona ameshaanza kunisamehe, nikajipa moyo nikamalizia na habari ya cheti, na kile nilichoandika kwenye mstari wa kazi.

Akaacha kukunja.

"Uliandika mimi sina kazi?"

"Niliandika mama wa nyumbani."

Alinigeuzia jicho lake zima, na nililiona linajaa.

"Huo mchele ndio uliokushikisha kalamu, Athumani."

Hakusema zaidi, wala hakulitaja tena hadi anakufa. Alirudi sokoni. Mawe akawa anayatafuta kwa ncha za vidole, taratibu, na wenye mchele wengine wakahamia kwa wanawake wengine. Kwenye mkeka wa chakula alikuwa anapenda nikae upande wake wa kulia, ili anione. Mimi kila siku nilikaa kushoto. Sikutaka anione nikimwangalia lile kovu.

Hamisi hakukamatwa. Aliacha mwenyewe kazi ile mwaka uleule na akawa fundi baiskeli. Tuliendelea kusalimiana, lakini hatukuwahi tena kukaa kwenye nyasi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na naisema wazi usije ukaitafuta. Jicho likiuma, likiogopa mwanga, likiota doa, usimngoje rafiki mwenye kichupa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa iliyomponya shangazi ya mtu haijui jicho lako lina nini. Na daktari akisema tusubiri maabara ituambie, usimwone mzembe anayekuchelewesha. Yule aliyekubali kwamba macho yake hayatoshi ndiye salama yako, maana mimi nilikuwa na hakika tangu siku ya kwanza, na unaona hakika yangu ilipotufikisha. Ukiulizwa umetumia nini, sema, hata kama ni maziwa ya jirani, hata kama ni ya wizi. Kama chupa unayo, iweke mezani. Ukiulizwa kazi, taja kazi yenyewe, kwa jina lake, na matope yake. Kipimo kinaanzia mdomoni mwako. Anayeangalia kwenye hadubini anaanza kutafuta pale unapomwonyesha, na ukimwonyesha uongo atautafuta uongo kwa bidii yote, na muda ambao jicho halina utapita.

Na kama umeshadanganya, rudi. Rudi hata mara ya pili, hata ukiwa na aibu, hata ikiwa saa mbili na nusu na wanakusubiri saa nne. Mimi nilichelewa nikapoteza nuru ya jicho, lakini ningechelewa masaa mawili zaidi chombo kile kingekuwa kimechemshwa, na tungelizika jicho zima, pengine na mwenyewe.

Mungu akuhifadhie macho yako yote mawili, mwanangu, na ya wale waliochosha ya kwao kwa ajili yako. Akuepushe na uponyaji wa siku mbili. Na siku utakapopewa karatasi na kalamu mbele ya watu waliovaa vizuri, akupe moyo wa kuandika jina la kazi ya dada yako kwa mwandiko wako mzuri kuliko wote.